Duka na Mtaa Wake: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Tabora

Kama una duka la jumla pale Kanyenye, mashine ya kusaga na kukoboa Isevya, karakana ya kuchomelea mageti Ng'ambo, au chumba kimoja cha kufungashia asali huko Ipuli, mwongozo huu ni wako. Unahusu kazi ambayo haimo kwenye leseni yako, na hakuna ofisa atakayekuja kuikagua: kushiriki mambo ya mtaa ulipofungua biashara. Wengi wetu tunaifanya nusunusu. Mtu akipita na daftari tunatoa mchango, mahafali ya shule yakifika tunapeleka kreti ya soda, halafu tunarudi kwenye mauzo. Ninataka kukushawishi kwamba nusunusu hiyo inakugharimu, na nikuonyeshe namna ya kufanya vizuri zaidi bila kuumiza mtaji.

Zihesabu sababu ukiwa umesimama pale kaunta. Wateja wako wengi wanaishi kwa msimu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hupata fedha baada ya masoko. Mkulima wa mpunga wa Nzega na Igunga anasubiri mavuno, na mrina asali anasubiri miombo itoe maua. Katikati ya misimu hiyo unauza kwa mkopo, upende usipende. Mkopo wa dukani hauna hati ya nyumba iliyowekwa rehani. Dhamana yake ni kumjua mtu: anakaa wapi, anauguliwa na nani, kama kimya chake cha wiki tatu ni ujanja au ni kwa sababu mwanawe amelazwa hospitali ya Kitete. Hayo huwezi kuyajua ukiwa nyuma ya nondo za dirisha. Utayajua msibani, kwenye kikao cha wazazi, kwenye mkutano wa mtaa.

Halafu kuna mabadiliko yanayokuja. Reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, linapita Nzega na Igunga, na mabomba yake yamewekewa mipako pale Sojo, ndani ya Wilaya ya Nzega. Pamoja na miradi kama hiyo huja wafanyabiashara wenye mitaji mikubwa kuliko wako, na kwa bei huwezi kushindana nao. Ulichonacho wewe ni kwamba uko hapa, na utakuwepo wao wakishaondoka. Lakini hilo halina thamani yoyote ikiwa watu wa mtaa hawajawahi kukuona nje ya duka.

Njia ya misafara ilionyesha nini

Tabora ina kumbukumbu ya mambo haya ambayo miji mingi haina. Mji ulikua katikati ya karne ya 19 mahali palipoitwa Kaze, ndani ya Unyanyembe, pale njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika: tawi moja likienda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, jingine likipanda Karagwe na Buganda. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na pale alikuwa na makao pia mfanyabiashara Mhindi aliyejulikana kwa jina la Musa Mzuri. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu hadi pwani wakapandisha vitambaa, shanga na waya za shaba. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na mfanyabiashara wa leo anayetafuta mafunzo kwa wale wa jana lazima aanze kwa kulikiri hilo: utajiri mwingi wa wakati ule ulitoka kwenye kuuza binadamu.

Wafanyabiashara wale wa kigeni walijua kwamba nchi ina mtemi wake. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed tunayemfahamu kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, akakaa Ituru akiwa mkwe wa nchi. Zawadi zilipelekwa ikulu, hongo ililipwa njiani, na biashara ikaenda. Fundikira alipofariki, Mnwa Sele akakalia kiti na kutaka bidhaa zao zilipiwe ushuru. Hapo wafanyabiashara walishika bunduki. Walimfukuza Mnwa Sele na kumsimika Mkasiwa, ambaye walitarajia asiwatoze. Speke alipopita tena mwaka 1861 aliikuta vita imepamba moto, na Snay bin Amir aliuawa humo. Mnwa Sele alipigana porini mpaka alipouawa mwaka 1865.

Hapakutulia. Mtemi Mirambo wa Urambo aliinuka, na mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka huo wafanyabiashara wa Tabora walikwenda kumpiga, msafiri na mwandishi wa habari Stanley akiwa pamoja nao, wakashindwa. Mwezi huohuo Mirambo akaingia Tabora yenyewe, nyumba zikachomwa, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji. Vita na Mirambo vikaendelea kwa miaka kadhaa zaidi, na pembe zikakwama pande zote mbili.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu ndimo lilimo jambo ninalotaka ulishike katika mwongozo wote huu. Walipokuwa wakwe na majirani, wakilipa kinachodaiwa kama wengine, njia ilikuwa wazi. Walipoamua kujichagulia mtawala ili wakwepe ushuru, waliipoteza njia yenyewe. Shiriki kama mkazi. Usishiriki kama mtu aliyekuja kununua uongozi wa mahali.

Anza na mkutano wa mtaa

Hatua ya kwanza haina gharama ila muda. Mfahamu mwenyekiti wa mtaa wako na mtendaji wa kata. Uliza lini mkutano wa wakazi unafanyika, uende, ukae na wengine. Usikubali kuvutiwa kiti cha mbele. Mara ya kwanza sikiliza tu. Utasikia kuhusu mtaro ulioziba, taa iliyozimika, vijana wanaovunja vibanda usiku, kisima kilichoharibika pampu. Mengi ya hayo yanagusa biashara yako moja kwa moja, na utashangaa jinsi yalivyojadiliwa miaka yote wewe ukiwa unalalamika peke yako dukani.

Mara ya pili unaweza kusema. Sema kama mkazi, kwa ufupi, na ukisema jambo liwe na kitu unachokiweka mezani: toroli mbili na makoleo kwa siku ya kuzibua mtaro, au gari lako kwa safari moja ya mchanga. Omba mapato na matumizi ya mtaa yasomwe. Ni haki ya wakazi kusomewa, na mfanyabiashara anayeuliza kwa adabu huwapa wengine nguvu ya kuuliza. Ukitoa fedha, dai stakabadhi, hata kama ni elfu tano. Kudai stakabadhi hakumaanishi kwamba humwamini mwenyekiti. Unamlinda na maneno ya kesho.

Kwenye ulinzi wa usiku, mchango wa wenye maduka ni wa lazima kimaadili hata pale usipokuwa wa lazima kisheria. Sungusungu waliinuka huku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu watu walichoka kuibiwa ng'ombe na kuuawa barabarani. Walirudisha usalama, na pia mahali pengine walivuka mpaka wakahukumu na kupiga watu wasio na hatia. Kwa hiyo ukichangia tochi, makoti ya mvua na chai ya walinzi wa mtaa, tumia pia heshima yako kuhakikisha kwamba anayekamatwa anafikishwa polisi mzima.

Nenda msibani ukiwa jirani. Bendera, fulana zenye nembo ya kampuni, picha ya kukabidhi sukari: hayo acha nyumbani. Peleka unga, andikisha rambirambi kwenye daftari kama wengine, kaa kwenye mkeka saa moja, ongea na watu. Kama duka lako ndilo linalouza sanda na mahitaji ya msiba, uza kwa bei ya kawaida na toa mkopo bila kumfanya mfiwa aombe mara mbili. Sijui tangazo lolote la redio linaloweza kufanya kazi ya saa hiyo moja, na ukiigeuza saa hiyo kuwa tangazo itakufa papo hapo.

Jambo moja, kwa miaka

Kosa la wafanyabiashara wengi wakarimu ni kutoa kidogo kila mahali. Leo jezi za timu, kesho rangi ya zahanati, keshokutwa mchango wa harusi ya mtoto wa diwani. Mwisho wa mwaka fedha zimetoka na hakuna kilichosimama. Chagua jambo moja linalofanana na kazi yako, ukae nalo.

Tuchukue mwenye mashine ya kusaga. Shule ya msingi ya jirani ina watoto 300, na wazazi wamekubaliana kuchangia mahindi kwa ajili ya uji. Tuseme kila mtoto anahitaji gramu 50 za unga kwa siku. Hiyo ni kilo 15 kwa siku, kilo 75 kwa wiki ya masomo. Kwa mashine ya kawaida, kuzisaga ni kazi ya chini ya saa moja. Ukiwaambia kamati ya shule kwamba kila Ijumaa jioni, foleni ya wateja ikiisha, utasaga mahindi ya shule bure, umetoa kitu kikubwa kwa gharama ndogo ya umeme na mshahara wa kijana mmoja. Wazazi wataona kwamba mchango wao hauishii kwenye gharama ya kusaga. Andika makubaliano kwenye karatasi moja: siku, kiasi, nani analeta magunia, nani anachukua unga, na mtapimaje uzito wakati wa kuleta na wa kuchukua. Weka na tarehe ya mwisho, labda mwisho wa mwaka wa masomo, ili mkae tena na kuamua. Msaada usio na tarehe hugeuka haraka kuwa deni, na siku ukiumwa utaitwa mnyimifu.

Mwenye karakana ana kitu kingine: ujuzi. Chukua vijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka VETA, wawili kwa wakati mmoja na si zaidi, uwape kazi ya kweli badala ya kuwatuma maji na vocha. Wape miwani ya kuchomelea. Wape nauli. Baada ya mwaka utakuwa unawajua mafundi wote wazuri wanaokuja mjini kabla hawajachukuliwa na mkandarasi. Tabora imekuwa mji wa shule tangu Tabora Boys ilipofunguliwa katika miaka ya 1920, na Mwalimu Nyerere alisoma hapo kisha akarudi kufundisha St. Mary's. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mji wenye sifa hiyo kijana anaweza kumaliza masomo bila mfanyabiashara hata mmoja kumwonyesha namna bei inavyopangwa.

Na kabla ya kutoa, nunua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukwama kwenye soko, mkopo wakiwa nao mkononi. Sabuni imetengenezwa, mifuko imeshonwa, hakuna anayeagiza. Agizo lako la kila mwezi, lenye tarehe na bei iliyoandikwa, lina faida kuliko hundi kubwa ya picha. Wakikuletea bidhaa mbovu, irudishe na ueleze kasoro. Wakileta nzuri, lipa siku hiyohiyo.

Asali, tumbaku na msitu

Hapa nitakaa kidogo, maana sehemu hii inaamua kama Tabora itakuwa na kitu cha kuuza miaka 30 ijayo.

Asali yetu inatoka kwenye miombo: mtundu, myombo na jamii zake. Tumbaku yetu hukaushwa kwa kuni za miombo hiyohiyo. Mkaa wa mjini unatoka humohumo. Ukiwa mnunuzi wa asali, msitu ndio kiwanda chako, hata kama hujawahi kuingia. Na mwanajamii wa kwanza unayepaswa kumjali ni mrina anayekuletea ndoo.

Wafugaji nyuki wa Tabora walikuwa na ushirika wao tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na fikra yake bado ni sahihi: asali nzuri ni kazi ya pamoja kati ya porini na ghalani. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa asali safi na asali iliyochanganywa na majivu, majana na maji anamfundisha mrina kwamba uangalifu hauna malipo. Kwa hiyo panga madaraja mawili ya bei, yabandike ukutani, na uyafuate hata kwa ndugu yako. Toa ndoo safi za chakula kwa mkopo, zenye mifuniko, zihesabiwe zikitoka na zikirudi. Nunua mabomba ya moshi machache na mavazi ya kujikinga, uviazimishe vikundi vya warinaji, ili waache kutumia mienge inayoua nyuki na kuwasha moto msituni wakati wa kiangazi. Mzinga wa gome humaliza mti mmoja kila unapotengenezwa. Kama unaweza kuwakopesha wanakijiji mbao za mizinga ya kisasa na kukata kidogokidogo kwenye malipo ya asali, umelinda miti na umejihakikishia mzigo. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapahapa Tabora. Mlete mkufunzi kwa siku moja kabla ya msimu, ukodi gari, mkae chini ya mti kijijini. SIDO nao huwasaidia wajasiriamali wadogo kwenye ufungashaji na njia ya kuelekea nembo ya TBS, kwa hiyo usifanye kila kitu peke yako.

Wewe wa tumbaku, au unayeuza pembejeo kwa wakulima wa tumbaku, kaa na chama cha msingi mzungumze kuhusu miti ya kuni kabla ya mvua, siyo baada. Miche isiyopandwa Desemba haipandwi tena mwaka huo. Angalia pia mabani ya kukaushia tumbaku: bani lililojengwa vizuri hutumia kuni kidogo, na fundi wa kulijenga anaweza kuwa mteja wako wa saruji. Urambo inalo somo lake hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga, Urambo ikiwa mojawapo ya maeneo yake, wakang'oa misitu kwa matrekta, na baada ya miaka michache ukaanguka. Ulipangwa mbali, na wapangaji hawakuwasikiliza waliokuwa wakiijua ardhi na mvua zake. Mfanyabiashara wa hapa anayekaa kwenye mkutano wa kijiji hana sababu ya kurudia kosa hilo.

Fedha, siasa na mipaka yako

Mali bila daftari hupotea bila habari, na michango ni mali. Fungua daftari la michango peke yake. Mwanzo wa mwaka amua kiasi cha kila mwezi kutoka kwenye faida, kamwe usiguse fedha ya kununulia mzigo, na kikiisha mwambie anayeomba: "Mwezi huu nimemaliza, nikumbushe ujao." Ukisema hivyo kwa wote, tajiri na maskini, watu watazoea na hawatakasirika. Muulize mhasibu wako ni michango gani inatambuliwa katika hesabu za kodi kabla hujatoa, maana utaratibu wake una masharti.

Michango ya kampeni iweke mbali na daftari hilo. Una haki ya kumpenda mgombea kama raia yeyote, lakini duka lenye bendera ya mtu mmoja limefungiwa nusu ya mtaa. Ukiombwa na diwani umsaidie "kwa ajili ya wananchi", sema utapeleka saruji moja kwa moja zahanati, ipokewe na kamati na iandikwe. Anayetaka saruji ataridhika. Mtu akikuahidi kwamba akishinda utapunguziwa ushuru wa soko au kupewa zabuni, kumbuka Mkasiwa na vita vilivyofuata.

Kuna meza kubwa zaidi ambazo unapaswa kuzifikia kupitia mlango wa mbele. Jiunge na TCCIA, yaani chemba ya biashara, viwanda na kilimo, au Jumuiya ya Wafanyabiashara. Uliza lini Baraza la Biashara la Wilaya linakaa. Hapo sekta binafsi na serikali hukutana chini ya mkuu wa wilaya, na mara nyingi viti vya upande wetu hubaki vitupu. Peleka hoja moja iliyoandikwa kwenye ukurasa mmoja: tatizo, linamgusa nani, linagharimu kiasi gani, mnapendekeza nini. Usiende kulilia duka lako tu.

Hoja moja ya kweli iko tayari. Kwenye reli ya zamani, wanawake na vijana wa vituo kama Malongwe, Goweko na Igalula wamekuwa wakiwauzia abiria asali, karanga, kuku na maembe dirishani. Reli mpya ina vituo vichache, na treni yake haitasimama kila mahali kusubiri beseni la maembe. Wengi wa wachuuzi hao hununua mzigo kwenu, wenye maduka ya jumla. Hoja ya vibanda ndani au kando ya vituo vipya, kwa kodi wanayoiweza, inapaswa kufika barazani majengo yakiwa bado yanajengwa, na ifike imesainiwa na wenye maduka pamoja na wachuuzi wenyewe. Wachague wawili kati yao waje kuieleza, walipiwe nauli na siku ya kazi waliyoipoteza, na waongee kwanza.